Kabati lenye Kufuli

Kamati ya vijana wa parokia yetu imeandika barua ya kuomba maktaba. Nimepewa niisome. Inaomba mabati, saruji, meza ishirini na kompyuta. Juu ya vitabu kuna mstari mmoja tu, na juu ya watu watakaovisoma hakuna neno. Vijana wetu wanisamehe: barua hii imeanzia mkiani.

Tazameni Kitengesa, kijiji kilicho karibu na Masaka, Uganda. Masaka tunaijua, ndiko Mgr Joseph Kiwanuka alikokabiziwa kundi mwaka 1939, mmoja wa maaskofu Wakatoliki weusi wa kwanza wa nyakati hizi katika Afrika ya kusini ya Sahara. Kitengesa walianza mwaka 1999 na sanduku la vitabu ndani ya shule ya sekondari. Mwalimu Kate Parry, aliyekuwa akifundisha New York, alisaidiana na mkubwa wa shule. Vitabu viliazimwa, vikarudi, vikaazimwa tena. Nyumba yenyewe ilifunguliwa mwaka 2004. Basi feza za kujenga zilikuta watu wamekwisha kuzoea kuazima. Tena walitia wanafunzi katika kazi ya maktaba, na kazi hiyo ikawasaidia kulipa masomo yao. Hapo nawasifu kuliko mahali pote, kwa kuwa mtoto wa kijiji anajua nani nyumbani anaweza kusoma, na nani anaona haya kuingia.

Lakini si yote ni mepesi. Vitabu vya kupewa kutoka ng’ambo, vingi ni vya Kiingereza. Mama anayesoma Kiluganda tu atapata nini? Gazeti kama Bukedde, la Kiluganda, litamfaa kuliko rafu nzima ya riwaya za watoto wa London. Na sisi je? Barua yetu imeandikwa kwa Kifaransa, inaomba vya Kifaransa. Wazee wanaosoma Kiswahili kila Dominika kanisani wamesahauliwa kabisa.

Na kuna jambo ninalosema kwa uchungu. Vitabu tunavyo! Karibu na sakristia lipo kabati, na kufuli lake, na ufunguo usiojulikana uko kwa nani. Siku moja niliomba kitabu, nikaambiwa nirudi kisha Pasaka. (Kilikuwa kitabu cha kufuga nyuki, hakina siri yoyote.) Wanaogopa wezi, mchwa hawakuogopwa, nao wamekwisha kula rafu ya chini.

Kwa hiyo siweki sahihi bado. Kabati lifunguliwe kila Dominika kisha Misa ya pili, wanafunzi wawili wakae na daftari, waandike jina, kitabu, na siku ya kukirudisha. Vitabu thelathini vikitoka na kurudi, waniletee barua tena, pamoja na daftari. Hapo nitaweka sahihi, hata kwa saruji.