Penzi Lililotungwa na Muuaji

Riwaya ya Ten to Sen (Nukta na Mistari) ya Matsumoto Seicho ilianza kutoka kwa mfululizo mwaka 1957 katika Tabi, jarida la usafiri la Japani, ikawa kitabu mwaka 1958. Kurasa zake za mwanzo ni za kisa cha mapenzi. Otoki, mhudumu wa mkahawa mmoja wa Tokyo, anaonwa na wenzake akipanda treni ya Asakaze na kijana wasiyemjua. Siku chache baadaye maiti za wawili hao zinakutwa ubavu kwa ubavu ufukweni Kashii, Fukuoka, kando yao chupa ya juisi yenye sianidi. Polisi wanaona jambo limekwisha: wapendanao wamekufa pamoja.

Uamuzi huo wa haraka una historia. Tangu Chikamatsu Monzaemon alipotoa Sonezaki Shinju, mchezo wa vikaragosi wa mwaka 1703, Wajapani wamevizoea visa vya wapenzi wanaojiua pamoja. Matsumoto hakulazimika kueleza kitu. Maiti mbili zilizolazwa vizuri zilitosha. Hapo ndipo ulipo ufundi wake. Katika riwaya nyingi za upelelezi mapenzi huwa pambo, au sababu ya mauaji. Hapa ni silaha. Yasuda Tatsuo, mfanyabiashara wa mashine, ametunga penzi ili polisi wasifungue jalada la mauaji. Kijana aliyekufa, Sayama, alikuwa ofisa wa wizara iliyokuwa ikichunguzwa kwa rushwa, na kunyamaza kwake kuliwafaa wakubwa.

Penzi la kutunga linahitaji mashahidi. Yasuda anawaalika chakula wahudumu wawili, wenzake Otoki, kisha anawaomba wamsindikize hadi kituo cha Tokyo. Wakiwa jukwaa la 13, wanamwona Otoki jukwaa la 15. Kwa kawaida treni za katikati huziba macho. Jioni ile njia ilikuwa wazi kuanzia saa 11:57 hadi 12:01 tu, dakika nne. Ratiba iliyotumika ni ya kweli ya wakati huo, na msomaji wa Tabi angeweza kuikagua mwenyewe. Dakika hizo zinapita mwanzoni kama bahati tu. Baadaye ufinyu wake ndio unaomtia mtu shaka.

Uzi wa kwanza unafumuliwa na Torigai Jutaro, askari kanzu mzee wa Fukuoka. Mfukoni mwa Sayama mna risiti ya behewa la chakula, ya mtu mmoja. Mwanamke aliyekubali kufa na mpenzi wake atamwachaje ale peke yake? Swali hilo Torigai analipeleka hadi nyumbani, kwa binti yake. Hiki ndicho kipande bora cha riwaya: penzi la uongo linapimwa kwa tabia za wapendanao, bila darubini wala maabara, na linashindwa. Otoki alishuka njiani.

Kuanzia hapo mapenzi yanaipisha ratiba. Mihara Kiichi, mpelelezi wa Tokyo, anapambana na ushahidi kwamba Yasuda alikuwa safarini kwenda Hokkaido: jina lake limo katika orodha ya abiria wa kivuko, na mwenyeji amempokea kituoni Sapporo. Jibu ni ndege. Mihara anachelewa mno kuliwaza, na msomaji wa leo ana haki ya kukereka, ingawa mwaka 1957 kuruka ndani ya Japani hakukuwa jambo la kila mtu.

Ufumbuzi unalipa jina la kitabu maana yake. Usiku ule Kashii palifika jozi mbili, kila moja kwa kituo chake cha reli: Otoki na Yasuda, Sayama na Ryoko, mke wa Yasuda. Yasuda alimuua Otoki, Ryoko akamuua Sayama, kisha maiti zikawekwa pamoja. Mstari kati ya nukta hizo mbili ulichorwa na waliozitazama. Otoki alikuwa hawara wa Yasuda, na Ryoko, mgonjwa wa kifua kikuu anayesoma ratiba za treni kitandani, ndiye aliyepanga safari zote. Hivyo penzi la uongo la mwanzoni lilikuwa linafunika mawili ya kweli.

Udhaifu umo katika umaliziaji. Yasuda na mkewe wanakufa kwa sumu kabla ya kukamatwa, na mengi yanaelezwa kwa barua ya Mihara kwa Torigai badala ya kutendeka. Lakini barua hiyo ina habari moja chungu: Ishida, mkubwa wa wizara aliyefaidika na kifo cha Sayama, amehamishiwa idara nyingine tu.