Hewa Ndiyo Inayokausha

Wengi wanaotumia mashine ya kukaushia nguo huiona kuwa chombo cha joto. Unatia nguo mbichi, unabonyeza kitufe, joto linamaliza kazi. Dhana hiyo imezichakaza mashine nyingi kabla ya wakati wake, na ndiyo iliyofanya kazi ya kuzitunza idharauliwe hata isipewe jina la ufundi. Joto peke yake halikaushi kitu. Fungia shati bichi ndani ya debe lenye kifuniko, lipashe moto kutwa nzima, na jioni utatoa shati lilelile, bichi na lenye moto. Kinachokausha ni hewa: joto hulegeza maji kutoka kwenye nyuzi, kisha hewa huyabeba na kuondoka nayo. Ndani ya mashine, mota huzungusha pipa la nguo kiasi cha mara 50 kwa dakika, na katika aina nyingi mota hiyohiyo huendesha feni. Feni huvuta hewa ya chumbani, hewa ikapita kwenye koili ya moto, ikaingia ndani ya pipa, ikapenya kati ya nguo zinazopinduka, ikachujwa, ikatolewa nje ya nyumba kwa bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi. Kilo 5 za nguo za pamba, hata zikiwa zimekamuliwa barabara na mashine ya kufulia, hubaki na maji yanayozidi lita 2, na maji yote hayo hayana njia nyingine ya kutokea. Kwa hiyo anayesafisha mashine hii analinda zaidi ya usafi. Analinda njia ya hewa, na kuilinda vizuri kunadai maarifa, uamuzi na mkono mwepesi, mambo yaleyale tunayoyasifu kwa seremala na mshonaji.

Historia ya chombo chenyewe inaonyesha kwamba kupata joto hakukuwa shida. Huko Ufaransa, karibu na mwaka 1800, mtu aitwaye Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, likawa linazungushwa kwa mkono juu ya moto. Nguo zilikauka, lakini zilinuka moshi na kushika masizi. Mwaka 1892 George T. Sampson, Mmarekani mweusi, alipata hataza ya fremu za kuning'iniza nguo karibu na jiko. Katika jimbo la North Dakota, ambako nguo zilizoanikwa nje wakati wa baridi huganda kwenye kamba, J. Ross Moore alihangaika miaka mingi na mashine ya pipa, mpaka kampuni ya Hamilton ya mji wa Two Rivers, Wisconsin, ilipoanza kuiuza mwaka 1938. Safari yote hiyo ilikuwa ya kuikaribisha hewa moto kwenye nguo huku moto wenyewe ukitengwa nazo. Wahandisi walifanikiwa kwa sehemu kubwa. Jambo moja liliwashinda, wakamwachia mwenye nyumba: nyuzinyuzi.

Kila nguo inayozungushwa humomonyoka. Vinyuzi vifupi vya pamba, vilivyolegezwa na sabuni na kusuguana, hung'oka na kwenda na hewa. Chujio hukamata vingi, lakini si vyote. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mablanketi ya waridi yalikaushwa kwenye mashine za umeme wakati theluji imefunika ardhi. Vinyuzi vya waridi vilionekana juu ya theluji hata mita 9 kutoka kwenye tundu la bomba. Ikiwa vinyuzi vinafika huko, basi njiani vimepita kila mahali: nyuma ya chujio, kwenye feni, kwenye kona za bomba, na vingine chini ya pipa, jirani na koili. Pamba ni selulosi, mali ileile ya karatasi, na ikiwa imechambuka hivyo, hewa ikiizunguka kila upande, haihitaji kubembelezwa ili ishike moto. Hapo ndipo madhara mawili yanapokutana. Nyuzinyuzi zilezile zinazoziba njia ya hewa na kulifungia joto ndani ndizo pia zinazoweza kuwaka joto hilo likizidi. Idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia masuala ya moto ilichambua taarifa za 2008 hadi 2010, ikakadiria moto 2,900 kila mwaka majumbani kutokana na mashine hizi, pamoja na vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha.

Watu wakisikia neno kusafisha hufikiria kukwangua utando wa chujio kwa vidole, jambo la sekunde chache ambalo hata mtoto aweza kufundishwa, na ambalo lazima lifanyike kila baada ya mzigo mmoja wa nguo. Ufundi unaanzia mbele ya hapo. Chujio linaweza kuonekana safi machoni huku limezibika, kwa sababu vitambaa vya kulainishia nguo huacha utando wa mafuta usioonekana juu ya wavu wake. Namna ya kujua ni kulimiminia maji: yakituama badala ya kupenya, hewa nayo haipenyi, na dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, kisha kulikausha kabisa kabla ya kulirudisha. Utando huohuo hufunika vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya mlango au ukingoni mwa pipa, ambavyo hupima unyevu kwa kuguswa na nguo. Vikifunikwa, mashine hudanganyika: hujizima nguo zikiwa bado mbichi, na mwenye mashine hulaumu koili ilhali kitambaa chenye siki kidogo kingemaliza shauri. Fundi mwema husoma dalili kabla ya kushika bisibisi. Mzigo uliokuwa ukikauka kwa dakika 40 sasa unataka 70. Nguo zinatoka na moto mwingi lakini zina unyevu. Kifuniko cha bomba kule nje kinainuka kwa unyonge. Kila dalili inataja mahali pake, na anayezisoma pamoja hufika kwenye kizuizi bila kufungua kitu asichohitaji kufungua.

Nyuma ya mashine ndiko kwenye kazi kubwa, na ndiko watu wengi hawafiki. Umeme huchomolewa kwanza. Kama mashine ni ya gesi, valvu hufungwa na mashine husogezwa taratibu ili bomba la gesi lisivutwe, kwani mashine ya namna hiyo bomba lake la hewa likiziba huweza kurudisha ndani ya nyumba monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu. Bomba lenye mikunjo lililotengenezwa kwa plastiki au karatasi nyembamba ya alumini hufaa kuondolewa na kuwekwa la chuma chenye ukuta laini, maana kila mkunjo ni kituo cha nyuzinyuzi. Viungo hufungwa kwa utepe wa chuma. Skrubu zinazochomoza ndani huwa ndoano. Brashi yenye mpini mrefu unaopindika hupitishwa, na kifyonza vumbi humalizia. Kanuni za ujenzi za Marekani huweka kikomo cha kawaida cha urefu wa bomba kuwa mita 10.7, na hukata mita 1.5 kwa kila kona ya mraba, kwa kuwa kona moja huisumbua hewa kuliko mwendo mrefu ulionyooka. Kule nje hakuwekwi wavu, hata kama nia ni kuwazuia ndege. Kifuniko kinachofunga chenyewe hutosha, na wavu ungegeuka chujio la pili ambalo hakuna anayelikumbuka. Kisha mashine hurudishwa ukutani bila kulibana bomba, kosa dogo la dakika ya mwisho linaloweza kubatilisha kazi ya asubuhi nzima.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni majukumu ya nyumbani tu, na kuyaita ufundi ni kuyapamba. Ninaukataa mgawanyo huo. Aliyesafisha kioo cha taa ya chemli kila alasiri kabla giza halijaingia hakutengeneza taa wala mafuta, lakini mwanga wa nyumba ulitegemea mkono wake, na kioo kilipasuka mikononi mwa asiyejua. Tumezoea kumsifu anayeunda na anayefufua kilichokufa, kwa sababu kazi zao zina matokeo ya kuonyesha. Matokeo ya matunzo ni jambo lisilotokea. Hata methali ya ufa na ukuta inadhani ufa unaonekana. Ndani ya bomba la hewa hakuna ufa wa kuonekana, na anayezuia madhara huko analazimika kujua zaidi, wala si pungufu, ya yule anayesubiri dalili imuite.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mashine za siku hizi zinajilinda. Zina thamostati, zina fyuzi ya joto inayokata umeme joto likipita kiwango, na zile zinazotumia pampu ya joto hazina hata bomba la nje: hukausha kwa joto la chini, hupoza mvuke ukawa maji, na nyingine hujiosha kwa maji hayohayo. Yote ni kweli, na ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini fyuzi iliyokatika ni shahidi, na anayeibadilisha bila kumhoji atabadilisha nyingine. Pampu ya joto nayo ina mapezi membamba yaliyosongamana, na nyuzinyuzi zikichanganyika na unyevu hapo hugandamana zikawa ngumu kutoa; mapezi huhitaji brashi laini ipitayo upande mmoja, kwani yakipinda hewa haipiti tena. Ninakubali pia kwamba kuna makosa ambayo usafi hauyaponyi. Uingereza ilishuhudia mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015 zikiwa na kasoro ya kiwandani iliyoruhusu nyuzinyuzi kugusa koili; Agosti 2016 moto ulioanzia kwenye mashine ya kukaushia uliteketeza sehemu ya jengo la ghorofa huko Shepherd's Bush, London, na mwaka 2019 zilizobaki ziliamriwa zirudishwe. Mlaji hakuwa na kosa hapo. Hata hivyo, kuangalia namba ya modeli kwenye orodha za mashine zilizorudishwa, na kutoiacha mashine ikizunguka wakati watu wamelala au wametoka, ni sehemu ya ufundi huuhuu.

Na jua je? Kwa aliye Tanga au Lamu, kamba ya uani inatosha, nami sina neno la kumshawishi anunue mashine inayokula umeme. Lakini Waswahili walioko Minneapolis, Toronto au Leeds huishi miezi ambayo nguo za nje hazikauki, na wengine wamepanga nyumba zisizoruhusu kuanika nje. Wanapofika huko wana elimu ambayo hawajaitambua. Mtu wa pwani anajua kuwa siku ya masika yenye fukuto, jua likichungulia, nguo hubaki na ubichi mpaka magharibi, ilhali siku ya mawingu yenye upepo mkavu huzikausha mapema. Kanuni ya mashine ndiyo hiyohiyo.

Pamoja na hewa kuna jambo jingine la kuchungwa: mafuta. Taulo za jikoni zilizolowa mafuta ya alizeti, au matambara yaliyopakia mbao mafuta ya kitani, hayatakiwi kwenye pipa. Mafuta hayo yakikutana na oksijeni hutoa joto, na rundo la nguo zilizofungashwa zikiwa na moto huweza kujiwasha lenyewe saa kadhaa baadaye. Dakika za mwisho ambazo mashine huzunguka bila joto zimewekwa kwa ajili hiyo pia, na anayezikatisha ili awahi kukunja nguo anaondoa kinga bila kujua. Moto wa mashine hizi Marekani hufikia kilele Januari, kwa hiyo usafi mkubwa wa mwaka hufaa kufanywa Oktoba, kabla theluji haijafunika kifuniko cha nje. Siku hiyo, baada ya kurudisha kila kitu, kausha mzigo wa taulo, kisha andika tarehe na dakika zilizotumika kwenye kipande cha utepe na ukibandike ubavuni mwa mashine, ili mwenye kuitunza mwaka ujao, au mpangaji atakayekuja baadaye, awe na kipimo cha kulinganisha.