Ufundi wa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Januari 2004, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Serikali ya Kenya ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja kabla, na mpiganaji huyo wa zamani wa Mau Mau aliona tangazo lile linamhusu na yeye. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Mzee akaja na sare kamili, kaptura na soksi ndefu, akaketi na watoto waliofaa kuwa vitukuu vyake. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe badala ya kumtegemea mhubiri, na alitaka kujua kuhesabu fedha zake.

Mwanafunzi wa namna hiyo anajua alichokifuata. Mtoto wa miaka 6 hajui. Ameamshwa, ameogeshwa, ameshikwa mkono, ameletwa. Sababu ya kusoma lazima atafutiwe, na hapo ndipo ninapowavulia kofia walimu wa darasa la kwanza. Mwalimu hodari huyachungulia maisha ya mtoto nje ya darasa. Huyu anatamani kusoma jina lililo mgongoni mwa jezi ya kaka yake. Yule amechoka kumwuliza kondakta kama daladala inakwenda Mbagala au Gongo la Mboto. Mwingine bibi yake hajui kusoma, na simu ya bibi imejaa ujumbe. Hamu hiyo ikishajulikana, silabi za ubaoni zinapata kazi.

Halafu kuna ustadi wa kunyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza vipindi vya sayansi akaona kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu, kisha humwita mwingine au hujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wengi zaidi wakajitokeza kujibu, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao. Sekunde 3! Hazigharimu hata shilingi. Lakini jaribu kuzisubiri mbele ya watoto 80, mikono juu, “mimi mwalimu, mimi mwalimu”, kengele inakaribia kulia, na aliyeitwa anatazama vidole vyake vya mguu. Kusubiri hapo kwa uso usiotisha ni kazi ya fundi. Mwenye fimbo mkononi haiwezi, kwa sababu mtoto anayeogopa kuchapwa hutafuta jibu la kumwokoa.

Fundi huyo haridhiki na “Tumeelewa?” “Ndiyooo!” Darasa zima huitikia, hata waliopotea. Yeye hupita kati ya madawati, akainama, akamwambia mmoja ahesabu vizibo vyake vya soda kwa sauti. Kumi na mbili kutoa tano? Mtoto anasema nane. Anamwuliza amefikaje kwenye nane, na mtoto anaonyesha: 12, 11, 10, 9, 8. Ametaja namba zake tano akirudi nyuma vizuri kabisa, ila ameihesabu na 12 yenyewe. Akili ilikuwa inafanya kazi. Alama nyekundu ya kosa daftarini isingeligundua hilo kamwe.

Inaniuma kuona shule zikiwapeleka walimu wao hodari darasa la saba kwa ajili ya mtihani, darasa la kwanza likaachiwa yeyote aliyebaki. Ningeugeuza mpango huo. Aliyeweza kuisikiliza ile nane apewe watoto wanaoanza, apewe darasa dogo, na alipwe kama mtu ambaye walimu wote wa madarasa ya juu wanaitegemea kazi yake.