Nafasi Nyembamba Kuliko Karatasi

Iringa, mwezi wa Julai, chuma hulala na baridi. Ukiigusa injini ya pikipiki iliyokesha uani, saa kumi na mbili asubuhi, ubaridi unakupanda mpaka kwenye kiwiko. Naipenda saa hiyo. Tapeti, yaani nafasi ndogo za vali, hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, na sijui injini iliyopoa kuliko iliyolala nje katika baridi yetu. Natandaza gunia, napanga spana kwa ukubwa wake, naweka bakuli la nati pembeni, kisha navuta kigoda. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi na bado naamka nikiwa na hamu nayo.

Pikipiki yangu ni Yamaha XT600E. Ina sentimita za ujazo 595, zote ndani ya silinda moja. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 95, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha bati. Inatoka katika ukoo unaojulikana: XT500, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ndiyo aliyopanda Mfaransa Cyril Neveu aliposhinda mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar mwaka 1979, na akashinda tena nayo mwaka 1980. Ukiitazama yangu unaelewa kwa nini ukoo huu uliweza jangwa la mashindano hayo. Haina rejeta, inapozwa na upepo. Kabureta unaweza kuifungua kwa bisibisi. Tapeti zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati, bila kushusha injini. Walioiunda walijua kwamba siku moja itaharibika mahali ambapo hakuna gereji, na mwenye nayo atalazimika kuwa fundi wake.

Mtaani kwetu mafundi hawakosekani. Vijana wanaotengeneza bodaboda wanaijua injini ya sentimita za ujazo 125 kama mtu anavyoujua ua wa kwao, na mengi nimejifunza kwa kuwatazama. Lakini pikipiki ya ukubwa huu ni nadra hapa. Spea zake naagiza mbali, na kitabu chake cha ufundi kiko kwangu. Kwa hiyo nilianza kuihudumia mwenyewe kwa kukosa njia nyingine. Nimeendelea kwa sababu nimeona ufundi unavyomlea mtu.

Somo la kwanza nililipata kwenye oili. Injini hii haihifadhi oili yake chini, kwenye sampu, kama pikipiki nyingi. Oili ina hifadhi yake nje ya injini, na pampu ndiyo inayoizungusha. Ikisimama siku kadhaa, sehemu ya oili huchuruzika polepole mpaka chini ya injini. Asubuhi moja nilichomoa dipstiki nikaikuta kavu. Nikaingiwa na hofu, nikaongeza oili hadi alama ya juu, nikaondoka. Kabla sijafika Ipogoro, chini ya mji, oili ilikuwa imetapikwa kupitia bomba la kupumulia, imejaa kwenye chujio la hewa, na injini inakohoa. Hakuna kilichokuwa kimepungua. Nilitakiwa kuiwasha, kuiacha ipate moto kwa dakika chache, kuizima, ndipo nipime. Oili yote ilikuwa ndani, ila nilipima kabla ya wakati wake. Tangu siku hiyo, kila ninapotaka kuongeza kitu, kwanza najiuliza kama kilichopo nimekipa nafasi ya kuonekana.

Somo la pili nilipewa na jirani, kijana fundi wa bodaboda. Alikuwa akipita, pikipiki inaunguruma uani, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, hii mashine yako mbona siku hizi haigongi?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba imetulia. Kwa kweli nilikuwa nimefurahia ukimya ule. Niliuona kama zawadi ya matunzo mazuri. Yeye hakufurahi. Aliomba bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kichwa cha injini na mpini sikioni, akafumba macho. Akaniuliza kama ikiwa ya moto inasumbua kuwaka. Ilikuwa ikisumbua, kwa wiki mbili sasa. Akanirudishia bisibisi. "Tapeti zimebana. Ingekuwa inapiga kelele nisingesema kitu."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, ikisemwa juu ya watu. Siku ile niliielewa kwa chuma. Vali inapofunga maelfu ya mara kwa dakika, taratibu inajichimbia kwenye kiti chake, na nafasi iliyopo kati yake na roka, mkono unaoisukuma, inapungua. Nafasi ikipungua, mgongano unapungua, na sikio linafurahi. Nafasi ikiisha kabisa, vali haifungi tena sawasawa. Vali ya moshi hupoa inapokalia kiti chake, kwa kukiachia joto lake. Isipokikalia, gesi ya moto inapenya pembeni yake na kuiunguza. Kwa hiyo tapeti inayosikika kidogo ni nzima, na iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa.

Kuirudisha nafasi hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Nafungua plagi ili injini izunguke bila kupambana na mgandamizo. Nafungua vifuniko viwili upande wa kushoto: katika kimoja naingiza soketi ya kuzungushia krankshafti, katika kingine nachungulia alama ya T, inayoonyesha kwamba pistoni imefika juu kabisa. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na mara moja tu ndipo vali zote zinapokuwa zimefungwa. Alama haisemi ni ipi. Vidole ndivyo vinavyosema: nikishika roka nikaisikia ikicheza kidogo, nipo sawa. Ikiwa imekaza, nazungusha tena mzunguko mmoja kamili.

Kisha natoa fila geji, yale mabamba membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja. Vali mbili za kuingizia zinataka milimita 0.05 hadi 0.10, nafasi ambayo karatasi ya daftari inapita kwa shida au haipiti kabisa. Mbili za moshi zinataka 0.12 hadi 0.17, kwa kuwa zinapata moto mkali zaidi na kurefuka zaidi. Naingiza bamba, nalivuta. Likipita bila kugusa, nafasi imezidi. Likigoma, imebana. Linatakiwa kutoka kwa ukinzani mdogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa katikati ya kitabu. Nakaza nati ya kufungia, napima tena, kwa sababu kule kukaza peke yake kunaweza kuisogeza skrubu. Mara nyingi inakuwa imesogea. Nalegeza, naanza upya. Vali nne huweza kula saa nzima, na hakuna mtu atakayeiona kazi hiyo ikishafunikwa.

Nilipoanza nilidhani ufundi ni kukaza. Sasa naona nusu yake ni kujua pa kuacha wazi. Cheni iliyovutwa ikanyooka inapendeza macho, lakini gurudumu likiingia kwenye shimo inakazika zaidi, na hapo beringi na spoketi ndizo zinazoumia. Waya wa klachi usipoachiwa ulegevu kidogo kwenye mkono, klachi inateleza na kujiunguza. Mashine nzima inaishi kwa nafasi ndogo zilizopimwa, na kila safari inazibadilisha kidogo. Anayeihudumia ni mlinzi wa nafasi hizo.

Ndiyo maana nina daftari, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kila huduma naandika kilomita, oili, hali ya plagi, na vipimo vya vali moja moja, kabla na baada. Kurasa hizo zimeniambia mambo ambayo sikio lisingeyasikia. Vali ya moshi ya upande wa kulia, kwa mfano, hubana kabla ya wenzake, kila mara. Sasa naijua, naianza hiyo.

Leo nilimaliza saa tatu. Nikaosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, nikaiwasha. Ilishika kwa mguso wa kwanza, na kutoka kichwani mwa injini ikaja ile sauti nyepesi, ya haraka, kama sindano ya cherehani. Nje ya uzio yule kijana jirani akapunguza mwendo wa bodaboda yake. Hakusimama. Aliinua mkono tu, akapaza sauti:

"Sasa inaongea, mzee!"

Nikafungua daftari, nikaandika: za kuingizia 0.08, za moshi 0.15. Inasikika.