Katika Kumjua Kimulimuli na Kumlea

Yeyote aliyezoea kupita usiku kando ya Bandari ya Bujumbura, pale mataa ya gati yanapokoma na giza la majani likaanza, hasa katika miezi ya mvua ambapo mitaro hujaa na ardhi ikawa tepetepe, huenda amepata kuona chini ya ukuta vitone viwili vya nuru ya kijani, vilivyotulia tuli, visivyowaka na kuzimika kama vya vimulimuli warukao hewani. Na aghalabu huvipita, kwa kuwa macho yake yako ziwani, kwenye taa za wavuvi wa ndagala, au kwenye meli iliyotoka Mpulungu na shehena ya saruji. Nia yangu ni kumsifu yule mmoja anayesimama akainama kumtazama mwenye taa hizo, buu wa kimulimuli.

Kuinama huko ni nusu ya ufundi, na pengine zaidi, maana taabu nyingi za wafugaji wa mdudu huyu hazitokani na uhaba wa huruma bali na uhaba wa maarifa: humwokota wakamtia chupani pamoja na majani mabichi, wakidhani kila kitambaacho ni kiwavi, ilhali waliyemtwaa ni mwindaji asiyeonja jani. Basi na atazamwe kwanza. Akiwa na miguu tangu kichwani hata mkiani, huyo ni jongoo au tandu, na aende zake. Buu wa kimulimuli ana miguu sita tu, yote karibu na kichwa. Mwili wake ni bapa, wa pingili zinazofunikana, na kichwa chake kidogo mno hukitoa na kukirudisha chini ya ngao ya kwanza mithili ya kobe. Ukimgeuza taratibu juu ya kipande cha gome utaziona taa zake upande wa tumbo, karibu na ncha ya mkia, na mkiani penyewe utaona vinyuzi laini vinavyochomoza na kunasa, ambavyo hujishikiza navyo anapotembea, na akiisha kula hujipinda akajifuta navyo ute uliomganda usoni. Jike mpevu wa baadhi ya makabila hana mabawa, naye hufanana na buu hata akamhadaa mjuzi. Lakini taa yake ni pana na kali zaidi, na chakula hakitaki, kwa kuwa akiba ya utotoni ndiyo imtoshayo mpaka kufa. Huyo hafugwi.

Riziki ya buu ni konokono, tena aliye hai. Fabre, yule mwanazuoni wa wadudu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1915, alieleza namna buu anavyomgusagusa konokono kwa taya zake kali, polepole kana kwamba anambembeleza, mpaka mnyama yule akafa ganzi asihisi hata sindano. Na Fabre akathibitisha kwamba konokono aliyeondolewa mapema hurudiwa na fahamu baada ya siku chache. Asiyeondolewa huyeyushwa kwa maji ya kinywa cha mlaji wake, akanywewa kama mchuzi. Kwa hiyo kazi kubwa ya mfugaji ni kugeuza mawe na mbao kuukuu akitafuta konokono wadogo, wasiozidi sana kimo cha buu, na kuliondoa kombe lililobaki kabla halijavunda. Anayechukia kazi hii na afuge kasuku.

Makazi hayana makuu: chombo chenye kifuniko kilichotobolewa, udongo wa pale pale alipookotwa, majani makavu, na unyevu usiofikia kutuama maji. Akijilaza ubavu asitikisike, usimhesabu maiti wala usimchokoe, kwani huenda anajivua ngozi. Hutoka mweupe wa maziwa, kisha rangi yake ikarudi.

Giza nalo ni haki yake. Wavuvi wa ndagala hupumzisha vyombo mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa samaki hawavutwi tena na taa, na mtafutaji wa kimulimuli naye angoje mwezi mchanga. Nuru ya buu si ya posa, kama ilivyo ya wakubwa wake. Ni onyo kwa chura na ndege kwamba nyama hii ni chungu. Onyo lenyewe si la mzaha: huko Marekani mijusi wanaofugwa majumbani wamekufa kwa kulishwa vimulimuli. Ndiyo maana siwaafiki wale wanaomtikisa chupani ili awake mbele ya wageni, kwani wanachokitazama kwa furaha ni hofu yake.

Baada ya miezi mingi, na kwa makabila mengine zaidi ya mwaka, hujificha udongoni akageuka bundo, kisha akatoka mpevu mwenye siku chache za kutafuta mwenzake. Dume huruka akajitafutia njia. Jike asiye na mabawa hafiki mbali, na akiachiwa mtaa mwingine, hata kama ni bustani nzuri ya Buyenzi, huwaka bure kwa kukosa dume wa kabila lake. Kwa sababu hiyo mfugaji mwenye hadhari huandika juu ya kifuniko siku ile ile ya kwanza, kabla ya kutafuta konokono: mtaro gani, upande gani wa ukuta wa bandari.