Bira wa Siam: tajiri na dereva

Wanging'ombe tuko mbali na bahari, ila maisha ya Prince Bira wa Siam, Thailand ya leo, yamenikaa kichwani. Timu yake ya mbio za magari ilikuwa ya binamu yake, Prince Chula. Na Chula huyohuyo ndiye aliyeandika *Blue and Yellow*, kuhusu misimu ya 1939 na 1946. Kisome, lakini kumbuka daladala: tajiri na dereva hawasimulii safari moja. Ceril, aliyewahi kuwa mkewe, alitoa kitabu chake 1992, Bira keshafariki. Mimi kinachonivuta zaidi ni tanga: Olimpiki nne, kuanzia Melbourne 1956 hadi Munich 1972, bila medali hata moja. Hapo ningetaka kumsikia dereva mwenyewe.