Mkono Unaolisoma Tumbo

Katika chumba cha altrasaundi, sifa zangu nampa mtu aliyeshika kifaa, awe katika hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo, au ile ya mkoa wetu wa Kagera pale Bukoba mjini. Mgonjwa analetwa na tumbo kubwa lisilo la mimba, na majirani wamekwisha kulipatia kila jina. Mtaalamu hana haraka ya kuongeza lake. Anapaka jeli, anasema, "Mama, vuta pumzi, ishikilie hapo hapo," kisha anakikodolea macho kioo.

Pumzi hiyo ina kazi. Mtu akivuta hewa, ini, bandama na figo hushuka, na uvimbe uliozaliwa humo hushuka navyo; ulioota kwenye ovari hausogei sana. Maji huonekana meusi tii, nyama huonekana ya kijivu. Weusi mtupu wenye ukuta mwembamba humpa mtaalamu matumaini. Akiona vinundu vya nyama ndani ya maji, anapima upya, anatafuta mishipa ya damu. Muda wote anajiuliza uvimbe umetoka wapi, maana uvimbe mkubwa hujaza tumbo na kuficha shina lake. Na kwetu ziwani kuna bandama iliyovimba kwa malaria au kichocho, ambayo asiye makini ataiita uvimbe.

Mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha katika jarida la Lancet habari za kuchunguza tumbo kwa mawimbi ya sauti. Mgonjwa wao mmoja alidhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Kumbe ni kifuko kikubwa cha maji cha ovari. Alipasuliwa, akapona.

Mwaka huo huo, kaskazini mwa ziwa letu, Denis Burkitt wa Kampala alieleza saratani ya watoto inayovimbisha taya, ambayo mara nyingi huvamia pia tumbo. Dawa huiponya kwa wengi, lakini seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana namheshimu sana mtaalamu wa Muleba anayeliona tumbo la mtoto asubuhi, na kabla ya jua kuzama ameshampigia daktari simu.

Wazazi wa Kagera, tumbo la mtoto likivimba, mpelekeni akapimwe wiki hiyo hiyo. Mkipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, msiiweke kabatini, safirini nayo.